Fedha za umma na mitaji binafsi: nani abebe hasara?

Swali: Mkutano wa Addis Ababa wa Julai 2015 ulizungumzia kuchanganya fedha za umma na mitaji binafsi kwa ajili ya maendeleo. Je, mwekezaji anayeogopa hasara huvutiwaje?

Jibu la 1: Mfuko wa umma hukubali kupata hasara kwanza, au hutolewa dhamana kama zile za MIGA, shirika la Kundi la Benki ya Dunia lililoanzishwa mwaka 1988, ambazo humkinga mwekezaji dhidi ya vita, kutaifishwa kwa mali na vizuizi vya kuhamisha fedha.

Jibu la 2: Ni kweli, lakini mitaji hiyo hukimbilia umeme na benki, penye mapato, huku shule za msingi zikiachiwa bajeti za serikali; jambo hili linanisikitisha sana.

Muulizaji: Basi mikataba iwekwe wazi, maana mbeba hasara ni mlipa kodi.