Je, hadithi tunazosimuliwa kuhusu asili ya maneno ya Kiingereza ni za kweli?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu. Mara kwa mara nakutana mtandaoni na maelezo mafupi kuhusu chimbuko la maneno ya Kiingereza ya kila siku, na mengi yanavutia kiasi kwamba msomaji hutamani yawe kweli. Husemwa kwamba "salary", yaani mshahara, lilitokana na chumvi waliyolipwa askari wa Roma. Kwamba "news" ni herufi za mwanzo za pande nne za dunia. Na kwamba "nice", ambalo leo ni sifa njema, hapo kale lilikuwa tusi. Naomba kujua ni yapi kati ya hayo matatu yenye ushahidi, na zaidi ya hapo, mtu asiye mwanaisimu atumie kipimo gani ili kutenganisha historia ya neno na ngano iliyotungwa baadaye.

Jibu la kwanza

Nianze na la tatu, kwa kuwa ndilo la kweli kabisa, ingawa ndilo linaloonekana la ajabu kuliko yote. Mzizi wa "nice" ni neno la Kilatini "nescius", maana yake asiyejua. Lilipopitia Kifaransa cha kale lilimtaja mtu mpumbavu, na kwa maana hiyo likaingia katika Kiingereza yapata mwaka 1300. Kutoka hapo maana yake ilisogea hatua kwa hatua: mjinga, kisha mtu mwenye haya au anayechagua mno, kisha jambo linalohitaji umakini mkubwa, na hatimaye, katika karne ya 18, jambo la kupendeza. Hatua hizo zinaonekana katika maandishi ya kila kipindi, ndiyo maana hakuna haja ya kukisia. Neno "silly" lilikwenda upande wa pili, kana kwamba lilipishana na "nice" njiani: katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mwenye heri au aliyebarikiwa, likawa asiye na hatia, likawa mnyonge wa kuhurumiwa, na leo ni mpumbavu.

Kuhusu "news", hadithi ya pande nne haina msingi. Neno hilo ni wingi wa "new", yaani mambo mapya, likiwa limeundwa kwa kufuata mfano wa Kifaransa, na limekuwa likitumika tangu mwishoni mwa karne ya 14. Zamani liliandikwa kwa namna mbalimbali, mojawapo ikiwa "newes", na tahajia hiyo peke yake inatosha kuivunja hesabu ya herufi nne. Kwa jumla, mtu akikuambia kwamba neno kongwe la Kiingereza ni kifupisho cha maneno mengine, usimwamini upesi, kwa sababu desturi ya kuunganisha herufi za mwanzo na kuzitamka kama neno kamili, kama ilivyofanyika kwa "radar", imeenea katika karne ya 20 tu.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila suala la mshahara linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo ukweli na ngano vimeshonwa pamoja. Ni kweli kwamba "salary" limetoka kwenye "salarium" la Kilatini, na ni kweli kwamba "salarium" limeundwa kutokana na "sal", yaani chumvi. Mwandishi Mroma Pliny, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alikwishagusia uhusiano huo katika kitabu chake kikubwa kuhusu maumbile. Kisicho na ushahidi ni ile picha ya askari akipanga foleni kukabidhiwa chumvi badala ya fedha. Ujira wa askari wa Roma uliitwa "stipendium" na ulilipwa kwa sarafu, ilhali "salarium" lilitumika kwa posho, hasa zile walizopewa maofisa wakati wa dola ya makaisari. Hakuna andiko la kale linaloeleza ni kwa njia gani posho hiyo ilipata jina la chumvi. Waliokuja baadaye waliliona pengo hilo wakalijaza kwa kisa, kisha kisa kikanukuliwa mara nyingi hadi kikaonekana kama historia.

Jibu la tatu

Kipimo unachokiuliza kipo, nacho ni tarehe. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na toleo lake la kwanza kukamilika mwaka 1928, iliweka chini ya kila neno nukuu zenye miaka, kuanzia ile ya zamani kuliko zote iliyopatikana. Hadithi yoyote ikidai kwamba neno lilizaliwa katika tukio fulani, angalia kama neno hilo halikuandikwa kabla ya tukio lenyewe. Chukua "bug", yaani mdudu, kwa maana ya hitilafu ya mtambo: wengi husema maana hiyo ilianza mwaka 1947, mdudu aitwaye nondo alipokutwa ndani ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard. Nondo huyo alikuwapo kweli, lakini Thomas Edison alikwishaliandika neno hilo kwa maana hiyohiyo katika barua ya mwaka 1878.

Kwa kipimo hichohicho, naomba tusivikatae vifupisho vyote. "OK" ni kifupisho halisi. Mtafiti Allen Walker Read alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba lilichapishwa katika gazeti moja la Boston tarehe 23 Machi 1839, likisimama badala ya "all correct" iliyoandikwa makusudi kwa tahajia mbovu, mzaha uliopendwa na waandishi wa magazeti wa wakati huo.

Kipimo cha pili ni jinsi wasemaji wanavyosikia sauti. "Apron" lilikuwa "napron". Watu waliposema "a napron", sikio likaihamishia "n" kwenye neno lililotangulia. Sisi tunapaswa kuuelewa mwenendo huu haraka kuliko wengine, kwa maana tulipolipokea "kitabu" kutoka Kiarabu tulisikia "ki" kama kiambishi chetu na tukaunda "vitabu", wakati wingi wake kwa Kiarabu ni "kutub".

Mwuliza swali

Nawashukuru sana nyote. Naomba nyongeza moja: kwa nini "magazine" ni jarida na pia ni sehemu ya bunduki inayotunza risasi? Nimeshindwa kuona uhusiano.

Jibu la tatu

Uhusiano ni ghala. Kiarabu kina "makhzan", mahali pa kuhifadhia vitu, neno lililopitia Kiitalia na Kifaransa hadi Kiingereza katika karne ya 16 likiwa na maana hiyohiyo, na sehemu ya bunduki imebaki nayo. Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha jijini London jarida aliloliita The Gentleman's Magazine, akikusudia ghala la maandishi, na jina la jarida hilo moja likaja kuwa jina la majarida yote. Mzizi huohuo wa Kiarabu, wenye maana ya kuhifadhi, ndio uliotupatia sisi "hazina".