Mada: Baba mdogo anataka kufika Shaolin, goti bovu, nimpange vipi?

Kutoka: mwanafunzi, Wuhan

Habari zenu ndugu zangu. Baba yangu mdogo anakuja Guangzhou kufuata mzigo, safari yake ya kwanza huku, na kila akipiga simu haulizi bei za vitu anauliza Shaolin, lile hekalu la watawa wa kungfu. Ni mtu wa Tanga, ujana wake wote kibanda cha video, picha za kungfu za kutafsiriwa, anasema hawezi kufika China akarudi bila kukanyaga pale. Umri miaka 64, goti la kushoto linamsumbua, swala tano hazimpiti na nyama asiyoijua hali. Aliyewahi kufika naomba anisaidie, niende naye asubuhi turudi jioni au tulale huko huko? Na kuingia hekaluni kwake yeye itakuwaje?

---

Kutoka: Zhengzhou, mwaka wa saba huku

Mdogo wangu, mfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi nimefika Shaolin mara nne, mara ya mwisho nilikuwa na baba yangu mzazi, naye magoti yake ni hayo hayo, kwa hiyo ntakwambia kilichotusaidia na kilichotusumbua.

La kwanza, lala. Hao wanaoenda na basi la watalii wanashushwa saa tano, wanapelekwa kuangalia maonyesho ya kungfu, wanapiga picha getini, saa nane wako kwenye basi tena, yaani wameiona Shaolin ya mbele tu. Na mbele pale sehemu kubwa ni majengo mapya. Hekalu lenyewe lilianzishwa mwaka 495 lakini mwaka 1928 jenerali mmoja wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe alilichoma moto, kumbi kubwa za katikati zikateketea, hizo unazozikuta saivi zimejengwa upya. Vya zamani vilivyosalimika viko nyuma kabisa na nje ya ukuta, na mtu akishachoka huko mbele hafiki nyuma. Kwa hiyo goti la mzee litunze, usilimalizie getini.

Njia ni hivi. Guangzhou mpaka Zhengzhou East treni ya mwendokasi ni kama masaa sita, wewe ukitokea Wuhan ni kama mawili, mnaweza kukutana hapa. Tiketi inakatwa kwa pasipoti, hakikisha jina umeandika kama lilivyo kwenye pasipoti maana kituoni ndo anaingilia hiyo hiyo. Kutoka Zhengzhou hadi Dengfeng ni kama kilomita 80, mabasi yapo, ila kwa mzee mimi ningechukua gari kwa apu, mkiwa wawili watatu mnachangia na linawashusha mlangoni. Hekalu liko nje ya mji wa Dengfeng, chini ya mlima Shaoshi ambao ni sehemu ya Songshan.

Hoteli sasa. Hapa ndo tuliumia na baba. Nilikuwa nimelipia chumba kwenye simu, tumefika saa tatu usiku mvua inanyesha, dada wa mapokezi kaangalia pasipoti akasema hawapokei wageni. Nikamwonyesha malipo, akatikisa kichwa. Baba kasimama na begi lake kimya, hajui kinachoongelewa ila sura yangu anaiona. Mwaka 2024 serikali yao ilishatoa maelekezo kwamba hoteli zisikatae mtu kwa sababu ni mgeni, lakini usiku na mzee pembeni si muda wa kuanza kubishana sheria. Piga simu kabla, uliza kwa Kichina, mtapokea pasipoti ya nje? Wakisema ndio omba wakuandikie ujumbe, uutunze.

Malipo mwekee Alipay au WeChat angali Guangzhou, kadi ya benki ya nje inakubali siku hizi, ila mpe na noti kidogo mfukoni, mtu mzima hajisikii vizuri kusimama anasubiri kulipiwa hata maji.

Chakula asiwe na wasiwasi kabisa. Jimbo hili la Henan lina Waislamu wengi wa kabila la Hui, tafuteni migahawa yenye kibao cha kijani kimeandikwa qingzhen, yaani halali, mara nyingi na maandishi ya Kiarabu. Hapa Zhengzhou mpeleke akale huimian, ni tambi pana kama mkanda kwenye mchuzi mweupe wa kondoo uliochemka mpaka mafuta yanaelea, baba yangu alikunywa mchuzi mpaka chini ya bakuli akauliza kama kesho tunarudi. Ikiangukia Ijumaa uko msikiti wa Beida, wa zamani sana, umejengwa kwa paa la Kichina kabisa, atafurahi kuuona. Ila ndani ya eneo la hekalu msitegemee chochote, watawa hawali nyama na vibanda vya nje siwezi kuvithibitisha, bebeni mikate na matunda.

Kuhusu kuingia, mimi ni Mwislamu na niliingia kama mtu anayetazama majengo na historia. Sikuwasha udi, sikuinama popote, na hakuna aliyeniambia fanya hivi. Udi utauziwa njiani, unasema hapana asante unapita. Lakini moyo wa mzee ni wake, amuulize sheikh wake kabla hajapanda ndege, akija huku awe ametulia. Akiingia aruke kizingiti asikikanyage, asipige picha za masanamu ndani ya kumbi, na kofia avue, wenyewe ni sehemu yao ya ibada na watu wanasali kweli mle.

Haya, siku yenyewe. Mfike asubuhi mapema geti likifunguliwa. Mimi nililipa yuan 80, wewe beba kitambulisho cha uanafunzi utapunguziwa. Kutoka geti hadi hekaluni ni zaidi ya kilomita moja, kuna vigari vya umeme, mpandishe mzee, usione aibu. Ila kabla hajapanda mwache asimame pale pembeni kwenye viwanja vya shule za kungfu, maana hicho ndo alichokifuata tangu kibanda cha video na hakihitaji tiketi ya maonyesho. Watoto mamia kwa mamia, wamepangwa mistari, vumbi, wanapiga kelele kwa pamoja kila wakirusha teke. Nilimwona mmoja, sidhani kama alifika miaka tisa, kiatu kimemchanika mbele kidole kinaonekana, anaanguka anarudia, anaanguka anarudia, na kocha hata hamwangalii.

Ndani pita kumbi za mwanzo taratibu bila kukaa sana. Kwenye uwanja kuna miti mikubwa ina vitobo kwenye magamba, wanasema ni vidole vya watawa waliokuwa wakifanya mazoezi. Endeleeni mpaka mwisho kabisa kwenye Ukumbi wa Mabudha Elfu. Huo moto haukuufikia. Simameni mlangoni mtazame chini, sakafu ya matofali ina mashimo 48, yamebonyea kama mabakuli, yamepangwa kwa mistari. Ni miguu. Vizazi na vizazi vya watawa kwenye mazoezi ya kungfu wanakanyaga sehemu ile ile mpaka tofali limekubali. Nimeangalia picha za kungfu tangu mdogo na hakuna iliyonishika kama ile sakafu, na baba alikaa pale robo saa nzima watu wanampita. Karibu na hapo kuna kibanda kidogo cha Huike, mtawa wa zamani, kwa simulizi yao alisimama kwenye theluji akimwomba Damo, mtawa aliyetoka India, amfundishe, akakata mkono wake kuonyesha nia, na ndo maana watawa wa Shaolin wanasalimia kwa kiganja kimoja tu kifuani. Mtawa akiwasalimia hivyo mzee atajua kwa nini.

Halafu Msitu wa Pagoda, mwendo mfupi kutoka hapo. Ni makaburi ya watawa yaliyojengwa kama minara, zaidi ya 200, ya matofali, ya zamani zaidi ni ya mwaka 791, hayalingani urefu, na kuna moja jipya limechongwa gari na kompyuta. Asubuhi pana ukimya. Kaeni.

Pango la Damo aliloketi miaka tisa akitazama ukuta liko juu na ni ngazi tupu, mzee asipande, ataliona kwa mbali na sanamu nyeupe ya Damo kileleni. Na ile njia ya Sanhuangzhai iliyojengwa ubavuni mwa jabali na daraja la kuning'inia ni nzuri ajabu lakini niahidi hutampeleka, ngazi zile za kushuka ndo zinaua goti. Kama anataka mlima mpandishe gari la kebo tu.

Usije wiki ya 1 hadi 7 Oktoba, likizo yao ya taifa, umati. Sitaki hata kueleza.

---

Kutoka: Luoyang

Naongeza kidogo, dada kamaliza. Kwa wanaouliza kuleta wadogo zao wafanye mazoezi Dengfeng, shule nyingi zinapokea wageni, na tangu 2013 hekalu limewahi kupokea vijana wa Afrika kwa ufadhili wa serikali ya China. Lakini visa ya utalii si ya kusomea. Visa ya masomo ya X2 ni hadi siku 180, zaidi ya hapo ni X1 na kibali cha ukaazi unaomba ndani ya siku 30. Na mkilala sehemu isiyo hoteli, nyumba ya mwalimu au ya rafiki, mnajiandikisha polisi ndani ya masaa 24, kijana mmoja nimfahamuye aliambiwa na shule yake ngoja ngoja tutakushughulikia, ikapita wiki, akapigwa faini yeye, shule ikanyamaza. Nenda mwenyewe kituoni na pasipoti.

Mkibaki na siku moja njooni Luoyang muone mapango ya Longmen, njia iko sawa, mzee anatembea tambarare chini kando ya mto. Nyumba yangu ipo.

---

Kutoka: mwanafunzi, Wuhan

Allah awalipe wote. Nimempigia mzee nikamsomea mwanzo mwisho. Suala la sheikh ameshauliza tangu mwezi uliopita, kumbe alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Tumekubaliana usiku mbili Dengfeng, katikati ya wiki, maonyesho tunaruka. Kilichobaki kwenye mazungumzo ni mashimo tu, ameniuliza mara mbili kama mlango wa huo ukumbi huwa wazi asubuhi. Dada wa Zhengzhou, ile hoteli mliyopata mwishowe usiku ule naomba unitumie jina pembeni, na kama Jumatano upo mjini tule huimian pamoja, mzee anasema lazima akuone.