Bogenvilia inageuka njano kwenye uwanda, kosa la udongo au langu?

mama_wa_paje
Asalam aleikum wapenda bustani. Mie nimejenga huku Paje, Unguja, kiwanja chote uwanda mtupu, ukichimba shubiri moja tu ushagonga jiwe la tumbawe. Mwaka jana baada ya masika nilipanda bogenvilia tatu ukutani kwa vile kila mtu anasema hazijali jua wala ukame. Moja ilikufa, mbili zipo ila majani machanga yanatoka njano halafu mishipa inabaki kijani, kama wavu hivi, na maua hamna kabisa. Namwagilia kila siku maji ya kisima. Jirani kaniambia nitie majivu, nimetia mara mbili naona ndo imezidi. Nifanyeje jamani?

fundi_maua
Wacha majivu leo hii dada! Yanafanya kazi ileile ya chokaa na hapo kwako chokaa imejaa tele. Chukua udongo kidogo kwenye kisosi uutilie siki, ukitoa povu ujue ndo hivyo. Hiyo njano ni kukosa chuma. Chuma kimo ila pH (kipimo cha asidi, ikipanda ujue asidi imepungua) ikifika 8 mizizi haikipati, na mmea hauwezi kukitoa kwenye jani kuukuu ukakipeleka kwenye changa, ndo maana yanaanza machanga. Ingekuwa nitrojeni yangeanza ya chini. Duka la pembejeo uliza chuma cha EDDHA, mbolea ya chuma ambayo mizizi inaipata hata penye chokaa, ukikikoroga maji yanakuwa mekundu, unamwaga shinani. Soma herufi vizuri manake wanaweza kukupa EDTA, ile kwenye udongo kama huo haifiki mbali, hela imekwenda.

kijana_wa_tanga
si atie salfa tu ishushe pH??

fundi_maua
Kwengine sawa. Pale mwamba wenyewe ndo chokaa, utamwaga salfa mpaka uchoke jiwe bado lipo

bibi_shamba
Mwanangu sie wa Makunduchi twavunja jiwe kwa mtaimbo, shimo la kufika magotini, twajaza kinongo, ule udongo mwekundu, na samadi iliyooza sawasawa. Hizo mbili usizing'oe, bogenvilia haitaki kuguswa mizizi, vunja pembeni taratibu. Na maji umezidisha, ukiidekeza hukupa majani tu. Mie nangoja mpaka majani yalegee ndo namwagilia, na ya mvua nayakinga kwenye pipa kwani ya kisima nayo yana chokaa yake, tazama birika lako ndani lilivyoganda weupe. Pahala pa ile iliyokufa olianda ingekufaa, haisumbuki na chokaa, ila kama una mbuzi au watoto wadogo iwache, ni sumu mti mzima.

mama_wa_paje
Mbuzi ninao wanne bibi, basi hiyo hapana. Siki nimejaribu, udongo umefoka kama soda! Nilichoshangaa za jirani zimechanua vizuri na majivu anatia, nimekwenda kuchungulia kumbe kazipanda kwenye madebe, na udongo kaletewa kutoka Donge, si wa uwanda kama wangu 😂