Naambiwa sauti yangu nzito mno kwa redio. Nyinyi mwapenda sauti gani, na kwa nini?

NyotaYaKisauni
Salaam aleikum wapendwa, na wengine habari za jioni. Mimi ni msichana wa hapa Mombasa, nasoma matangazo ya biashara na taarifa fupi kwenye kituo kimoja cha redio. Wikendi naitikia katika kikundi cha taarab kwenye harusi. Sauti yangu ni nzito. Kwa simu watu huniita "kaka" mpaka nijitambulishe. Harusini hakuna aliyewahi kulalamika, na kina mama hunitunza vizuri tu. Lakini kazini mkubwa wangu ataka nisome "kike kike", niinue sauti na kuilegeza, eti msikilizaji hapendi kutajiwa bei ya unga kwa sauti ya jeshi. Nikifanya hivyo, kufikia jioni koo lanikereketa, na harusini zile noti za chini hazitoki.

Nawaomba mambo mawili. Sauti gani, ya kuimba au ya kuzungumza, ikianza huwezi kuzima redio, na ni nini hasa kilichomo ndani yake? Msinijibu "tamu" mkaishia hapo. Halafu mniambie: nibadilishe au nikatae?

BabuWaMakadara
Binti, kwangu ni Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu, aliyetutoka Februari 2025. Wala si kwa kuwa ni mtoto wa Freretown, hapa hapa Mombasa. Yule mzee alikaripia nchi nzima kwa miaka na miaka katika kipindi chake cha redio, "Je, Huu ni Ungwana?", na hakuna aliyenuna. Aliieleza tabia mbovu taratibu kabisa, kama vile anakusimulia habari za jirani, na wewe wacheka. Swali likija, lakupata umekaa vibaya. Uzito au wembamba hata huufikirii. Ni mwendo. Watangazaji wa siku hizi wakimbia kama matatu ya Bamburi saa kumi na mbili asubuhi.

TumboLaMtwapa
Babu usiwaguse watu wa matatu. Kuna makanga wa Mwembe Tayari akiita "Mtwapa Mtwapa Mtwapa" mimi hupanda hata kama naenda Likoni 😂

MamaShuu
Mwanangu wee, huyo mkubwa wako hajasikia taarab ya watu. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki 2013, sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na ukumbi mzima ulinyamaza. Kabla yake Siti binti Saad alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na watu walimfuata kwa jinsi alivyolitamka neno. Hapa kwetu Zuhura Swaleh yuwaimba na kila silabi waipata, hata ukiwa jikoni wakaanga mahamri na mafuta yapiga kelele.

Mimi hiyo ndiyo napenda, sauti isiyomeza maneno. Taarab ina mafumbo. Neno moja likipotea, anayetupiwa hajui katupiwa, na pesa ya kutunza yabaki kwenye mkoba! Na kwa wanaume, kwangu ni Zein l'Abdin. Alikuwa aachia udi, ile ala yake ya nyuzi, useme kwanza, kisha yeye aja chini yake, hana haraka.

BabuWaMakadara
Zein fundi wa udi, sikatai. Lakini kwa koo? Juma Bhalo. Zile tuni za Kihindi, sauti juu kabisa, aizungusha mara tatu nne na hatetereki.

MamaShuu
Haya ushaanza.

FundiMitambo
Nimekaa nyuma ya meza ya sauti, studio na harusini, kwa hivyo nitasema la kifundi. Sauti ya mwanamke akizungumza huwa takriban herzi (mitetemo kwa sekunde) 165 hadi 255, ya mwanamume 85 hadi 180. Hapo katikati zinaingiliana, kwa hiyo mwanamke mwenye sauti ya chini si ajabu yoyote. Ila dada, nina wasiwasi shida si koo lako. Maiki nyingi za studio, ukizisogelea sana, huongeza besi zenyewe. Mwenye sauti nyembamba hufaidika, sauti yake hunona. Wewe mwenye besi tayari unaongezewa nyingine juu yake, na msikilizaji anapata mvumo, maneno yamefunikwa. Mkubwa wako anasikia mvumo anauita uanaume.

Rudi nyuma shubiri moja. Maiki iwe kando kidogo ya mdomo, isikutazame usoni, ndipo "p" na "b" hazitapiga kishindo. Mwambie fundi wenu akate besi ya chini kabisa, kitufe chake kipo. Kisha soma kwa sauti yako ile ile.

Jambo jingine: usijihukumu kwa kujisikiliza mwenyewe. Ukizungumza unajisikia kwa masikio na pia kwa mifupa ya kichwa, na mifupa hubeba besi. Ndiyo maana kila mtu akisikia rekodi yake mara ya kwanza huuliza huyu ni nani.

Ustadh_wa_Majengo
Sheikh Abdul Basit Abdus Samad wa Misri. Pumzi ile! Aya ndefu kwa pumzi moja, na mwishoni sauti haijachoka wala herufi haijapotea mahali pake. Wanafunzi wangu wote wataka kumwiga sauti, nami nawaambia waanze na pumzi. Pumua kwa tumbo, mabega yatulie. Ukiinua mabega umeshaishiwa kabla hujaanza. Kusoma habari na kusoma Qurani si kitu kimoja, lakini mapafu ni yale yale.

Muuguzi_Tudor
Nyota, hapo uliposema koo linakereketa kila jioni ndipo pa kushughulikia kwanza. Kulazimisha sauti kwenye kimo kisicho chako kila siku kunazichosha nyuzi za sauti, na huweza kuzitia vinundu. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Usikohoe kwa nguvu kusafisha koo, meza mate. Na usinong'one ukidhani unapumzika, kunong'ona nako kunakaza. Ukikwaruza zaidi ya wiki 3 mfululizo, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akutazame. Usimalize duka zima la tangawizi na asali kwanza.

TumboLaMtwapa
Kwa hiyo wa kwetu anayenong'ona usiku kwa simu anaharibu koo? Nitamfikishia.

NyotaYaKisauni
Ahsanteni sana. FundiMitambo, leo nimerudi nyuma ile shubiri, na mwenzangu aliyekuwa na hedifoni akaniuliza kama tumebadilishiwa maiki. Sasa huyu mkubwa nimwingie vipi? Si mtu wa kuambiwa "umekosea".

MamaShuu
Usimwambie neno. Mwekee atamke mwenyewe.

FundiMitambo
Bi Shuu amemaliza. Chukua tangazo moja, lisome mara mbili: moja ile "kike kike" yake, ya pili sauti yako, maiki mbali, besi imekatwa, mwendo wa Mbotela. Mpe bila kumwambia ipi ni ipi, na asikilizie kwenye redio ndogo au simu, asitumie spika kubwa za studio. Msikilizaji wa Kongowea yuko sokoni na kelele zake.

Ustadh_wa_Majengo
Na uisome ya pili asubuhi, koo likiwa limepumzika. Ukianza na ile ya kulazimisha, ya pili itatoka imechoka.

NyotaYaKisauni
Sawa ustadh, yangu naanza nayo. Jumatatu narekodi zote mbili, nitawaambia amechagua ipi. Na Ijumaa tuna harusi Mji wa Kale, kiongozi ataka niimbe ubeti mzima peke yangu. Niende na mtindo wa Zein au wa Bhalo?

MamaShuu
Sauti yako ni ya Zein, hata hakuna mjadala.

BabuWaMakadara
Bhalo.