Siku mbili Galilaya: tulale Safed au Tiberia?

msafiri_wa_moshi: Wakuu, habari za leo. Kundi letu la hija likimaliza Yerusalemu, mimi na mama watoto tunabaki siku mbili zaidi. Tulale Tiberia ziwani au tupande Safed? Najua yote ni katika ile miji minne mitakatifu ya Wayahudi, pamoja na Yerusalemu na Hebroni.

kobe_mzee: Tiberia, wala usiumize kichwa. Kapernaumu ni pua na mdomo, na samaki wa ziwani wapo. Safed nenda asubuhi urudi jioni, ni kama kilomita 35. Unatoka mita 200 chini ya usawa wa bahari hadi 900 juu, masikio yanaziba njiani!

mama_wa_ngazi: Hapo nakupinga, kaka. Safed ya mchana ni maduka ya picha na watalii tu. Mji wenyewe utauona Ijumaa jioni. Nilisimama nje ya sinagogi ya Abuhav, ile ambayo tetemeko la 1837 liliibomoa likauacha ukuta wa kusini wenye sanduku la Torati. Ndani wakaanza Lekha Dodi, wimbo alioutunga Shlomo Alkabetz hukohuko Safed karne ya 16. Walipofika ubeti wa mwisho, wote wakageuka kuipokea Sabato kama bibi harusi anayeingia. Nywele zilinisimama, na Kiebrania sijui hata neno.

msafiri_wa_moshi: Ijumaa ndiyo siku yetu! Chakula je?

mama_wa_ngazi: Nunua mapema. Mchana maduka yanafungwa, mabasi hayarudi barabarani mpaka Jumamosi usiku. Mimi niliponea mkate na jibini ya hapo, nyeupe, ya chumvichumvi. Na simu iache chumbani. Nilipotoa yangu nipige picha, mzee mmoja alinitikisia kidole tu, nikairudisha mkobani.

dada_wa_nyali: Mwezi gani kwanza? Januari nilitetemeka Safed, miaka mingine hata theluji huanguka. Agosti nayo Tiberia ni tanuri. Halafu fuatilieni usalama, Lebanoni iko karibu na 2024 makombora yalifika Safed.

kobe_mzee: Na magoti je? Mtaa wa zamani wote ni ngazi.

msafiri_wa_moshi: Ni Novemba. Goti la mama watoto linasumbua tangu Pasaka. Mama wa ngazi, una picha ya hizo ngazi nimwonyeshe leo?