Tupeane uzoefu: muziki wa filamu na muziki wa klasiki wa kisasa hukugusaje?

Ndugu wanajamvi, salaam. Watu wengi huamini kwamba muziki wa filamu una hisia, na kwamba muziki wa klasiki uliotungwa tangu katikati ya karne ya 20 ni wa akili tupu. Sikubaliani na hukumu hiyo, kwa sababu watu hao hao wamekwisha kuusikia muziki huo katika giza la sinema, ukawasisimua hadi vinyweleo vikasimama. Mwaka 1968, katika filamu ya 2001: A Space Odyssey, mwongozaji Stanley Kubrick aliitumia Atmosphères ya mtunzi György Ligeti, kazi ya okestra ya mwaka 1961 isiyo na melodia ya kufuatwa wala mdundo wa kuhesabika, ambayo haikutungwa kwa ajili ya filamu yoyote. Sijapata kumsikia mtazamaji akilalamika kwamba haina wimbo. Nadhani tofauti haimo katika sauti zenyewe tu, bali pia katika kile ambacho msikilizaji amepewa akishike wakati sauti zikipita: filamu hukupa uso wa mtu na hatari inayomkabili, ilhali ukumbi wa muziki hukuachia sauti peke yake. Naomba kila mmoja aeleze ni kazi ipi iliyomgusa, na aliisikia akiwa katika hali gani.

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi ni mpiga selo na nimepiga muziki wa aina zote mbili. Tulipofanya mazoezi ya Threnody ya Krzysztof Penderecki, iliyoandikwa kwa ala 52 za nyuzi, karatasi iliyokuwa mbele yangu ilijaa mistari minene myeusi na pembetatu ndogo, na kila pembetatu humtaka mpigaji atoe sauti ya juu kabisa ambayo ala yake inaiweza. Mahali pengine unapitisha upinde nyuma ya daraja la nyuzi, na pengine unaligonga bodi la ala. Nikiwa katikati ya mlio ule niliingiwa na woga mwilini kabla sijaanza kufikiri, na hapakuwa na picha yoyote. Hata hivyo, kipo kinachomuunga mkono mleta mada: hapo awali kazi hiyo iliitwa 8'37", yaani urefu wake kwa dakika na sekunde, na jina la kuwaomboleza wahanga wa Hiroshima lilikuja baadaye, mtunzi alipokwisha kuisikia ikipigwa na kutambua nguvu yake. Sasa siwezi tena kuipiga bila kuwafikiria watu wale. Jina limeshika nafasi ya picha. Nao muziki wa filamu hauishi kwa utamu wa melodia tu. Katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, John Williams alituachia sisi wa nyuzi za chini noti mbili jirani zinazorudiwa, kasi ikipanda kadiri papa anavyokaribia, na hofu hiyo inatosha kabisa.

Mchangiaji wa pili:
Naomba kutofautiana nanyi. Wimbo mkuu wa Schindler's List, uliopigwa kwa fidla na Itzhak Perlman, niliuzoea miaka mingi kabla ya kuitazama filamu yenyewe, na ulikuwa ukiniliza. Picha haikuwa na lolote la kunipa wakati huo. Ni melodia iliyonishika. Ligeti namstahi, lakini hanifikii.

Mchangiaji wa tatu:
Baada ya msiba wa mama yangu sikuweza kuvumilia muziki wa filamu, kwa sababu kila wimbo ulinijia na hadithi ya mtu mwingine, nami sikuwa na nafasi ya kuibeba. Kilichonifaa ni Simfonia ya 3 ya Henryk Górecki, ya mwaka 1976, ambayo sehemu zake tatu zote ni za mwendo wa polepole. Ya kwanza huanzia chini kabisa, katika besi kubwa, kisha kundi moja baada ya jingine huingia na melodia ile ile, na huchukua karibu nusu saa. Katika filamu, mtunzi hupangiwa tukio ambalo mtazamaji atalilia. Hapa hakuna aliyeniharakisha, na zipo siku nilizosikiliza hadi mwisho bila chozi hata moja. Katika sehemu ya pili, sauti ya soprano, yaani sauti ya juu ya kike, huimba maneno ambayo msichana wa miaka 18 aliyaandika ukutani mwa chumba cha mahabusu cha Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huko Zakopane nchini Poland, akimsihi mama yake asilie. Sehemu hiyo nilichelewa sana kuithubutu.

Mleta mada:
Pole sana, ndugu. Jambo la muda sikulitia maanani nilipoandika, nalo naliona ni zito kuliko la picha. Kwa walio tayari kuendelea: Sergei Prokofiev aliutunga muziki wa filamu ya Alexander Nevsky mwaka 1938, na mwaka uliofuata akaugeuza kuwa kantata, yaani kazi ya kwaya na okestra, ya ukumbini. Nani miongoni mwetu aliisikia kantata kwanza, na vita vya juu ya barafu vilivyomo katika hadithi hiyo alivionaje akilini mwake kabla ya kuiona filamu?