Oedipus aliandikiwa, au alikosa mwenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila nikizungumza na watu kuhusu tamthilia ya Mfalme Oedipus ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale (Samuel Mushi alipoifasiri kwa Kiswahili alimwita Edipode), jibu ni lile lile: alishaandikiwa, sikio la kufa halisikii dawa. Mimi sikubali. Na linaniuma, maana nimewasikia watu wazima wakijisafisha kwa neno hilohilo, "niliandikiwa", baada ya kuwaumiza wenzao.

Tazameni pale njia panda. Oedipus anatoka Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo, ameambiwa punde tu kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Na kilichompeleka huko ni mlevi mmoja wa Korintho aliyemwambia kuwa Polybus, mfalme aliyemlea, hakumzaa. Swali hilo hakujibiwa. Mtu wa namna hiyo akikutana na mzee wa rika la baba yake, si angeuzuia mkono? Wanagombea njia, anampiga mwendesha gari la farasi, mzee anamtandika kichwani, naye anawaua wote, ananusurika mmoja tu. Mzee huyo ndiye Laius, mfalme wa Thebes na baba yake wa kumzaa. Apollo alitabiri kifo. Hasira Oedipus alikuja nayo mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unamwonea. Nani alianza kumsukuma atoke njiani? Sophocles uzeeni aliandika tamthilia nyingine, Oedipus akiwa kipofu kule Colonus, karibu na Athens, ikachezwa mwaka 401 KK mwandishi akiwa ameshafariki. Humo Oedipus anajitetea waziwazi: nilishambuliwa, sikumjua, mbele ya sheria mimi ni safi. Mwanafalsafa Aristotle naye anafundisha kwamba tendo lililofanywa kwa kutojua, kisha mtendaji akalijutia, halihesabiwi kuwa la hiari. Huyu alijuta hadi akajitoboa macho. Unataka ajute vipi zaidi?

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze jambo kuhusu neno lenyewe. Aristotle alipoeleza kwa nini watu kama Oedipus huanguka, alisema ni kwa sababu ya *hamartia*. Neno hilo limo pia katika Agano Jipya la Kigiriki, na Biblia zetu zinalifasiri "dhambi". Ndiyo maana wengi wanaisoma tamthilia hii wakimtafutia Oedipus dhambi. Lakini kwa mshairi Homer, karne nyingi kabla, kitenzi chake ni cha mtu aliyerusha mkuki usimpate adui. Sisi tuna bahati, Kiswahili kinatupa mlango uleule: mwindaji hukosa ndege, mtoto hukosa adabu, kitenzi ni kimoja. Mtu aweza kukosa na asiwe mwovu. Aristotle anasema hivyo hasa, kwamba anayefaa kwa tanzia (tamthilia ya maafa) ni mtu wa katikati, ambaye wema wake haukupita kiasi na hakuangushwa na uovu.

Mleta mada

Ndugu wa pili, hapo umenifungua macho. Sitamtafutia dhambi tena. Na ndugu wa kwanza, nakubali: kwa kumuua baba hana hatia, hakumjua. Ila kuua watu kadhaa kwa ugomvi wa kupishana njiani ni kosa hata wangekuwa wageni kabisa kwake, na utetezi wa Colonus haulifuti hilo kwangu. Hapo bado tunatofautiana.

Ninachomheshimia ni kwamba yeye mwenyewe hakujificha nyuma ya majaaliwa. Tauni ilipoikumba Thebes, mji alioutawala baada ya Laius, alitangaza kwamba muuaji wa Laius afukuzwe mjini, bila kujua anajihukumu. Jocasta, mjane wa Laius ambaye Oedipus alikuwa amemwoa bila kujua ni mama yake, alipoelewa, alimsihi aache kuuliza. Angeweza kuacha. Akamwita mchungaji mzee aliyeijua siri ya kuzaliwa kwake, akambana mpaka akasema. Baadaye wazee wa mji walipomuuliza ni nani aliyemsukuma kujipofusha, alijibu kwamba mateso yameletwa na Apollo, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake mwenyewe. Kisha akamwomba Creon, ndugu wa Jocasta, amtoe nje ya mji, kama alivyokuwa ameamuru.